Sura ya Tano: Vigingi Vilivyohama

Ijumaa ya tatu mfululizo vigingi vya barabara ya kiwanja cha ndege vilihama, na mara hii Inspekta Ruwaida hakungoja kuitwa mara mbili. Aliimeza chai yake ingali moto, akatoka kituoni Garsen kwenye jua la saa tisa, akapanda mbele ya gari la wapimaji kabla hajakaribishwa. Alikuwa mwanamke wa Kipini, mfupi, mwepesi wa miguu na mzito wa maneno, na miaka kumi na minane ya upelelezi ilikuwa imemzoesha kuhesabu kwanza na kushuku baadaye. Wenzake walimtania kwamba hata harusini huhesabu sahani.

Aliyeshika usukani alikuwa Injinia Valentine, msimamizi wa mpango wa barabara hiyo. Hasira zilikuwa zimemkaba, na Ruwaida akamwacha azimalize njiani. Kutoka sokoni hadi kiwanjani ni kilomita nne na ushei, alieleza, nne tu, na kwa mwaka mzima yeye na wenzake walikuwa wakizipangia: tuta la kuinua barabara, makalvati ya kupitishia maji, njia ya waendao kwa miguu, vivuko vya ng'ombe. Ndege ya madaktari hutua pale kuchukua wagonjwa walioshindikana, na mvua ikinyesha, udongo mweusi huzifanya kilomita hizo nne kuwa ndefu kuliko safari ya Nairobi. Jumatatu ramani ilikuwa iende kutiwa saini. Mstari usipotulia kufikia siku hiyo, wafadhili wangeupeleka mradi kaunti nyingine, na Garsen wangebaki kusukuma magari kama ilivyo ada yao.

"Nataka mtu, Afande," Valentine alisema. "Kesho jioni nataka jina kwenye faili. Kuchezea alama za upimaji ni kosa la jinai."

Ruwaida alimjibu kwamba jina angelipata, ila kwanza angependa kuviona hivyo vigingi.

Walisimama katikati ya safari, kwenye uwanda ambapo miti ya mathenge imeachia nafasi na vichuguu viwili vikubwa vimesimama, kimoja magharibi, kimoja mashariki, mwendo wa dakika tatu baina yao. Mstari wa wapimaji ulipaswa kupita kando ya kile cha magharibi. Sasa mashimo ya vigingi yalikuwa wazi, na vigingi vyenyewe vilikuwa upande wa pili, vimejipanga kwa mstari uliopinda taratibu kando ya kichuguu cha mashariki. Ruwaida alivipitia kimoja kimoja. Vilivyong'olewa ni kumi na saba, na vilivyosimama upya ni kumi na saba.

Hesabu hiyo ilimpendeza. Mtu wa kuzuia barabara angevitia motoni akachemshia chai. Huyu alivibeba vyote, akavichimbia mashimo mapya, akavishindilia kwa kisigino. Tena palipokuwa na utepe mwekundu uliolegea, aliufunga upya kwa ukanda mwembamba wa ngozi, fundo la kuzungusha mara mbili na kuirudisha ncha chini, ili uonekane kwa mbali. Ruwaida alifungua ukanda mmoja akautia mfukoni. Kisha akamwomba Valentine asimamishe mashine yake ya miguu mitatu, apime kimo cha ardhi kwenye kila kigingi, palepale vilipohamia.

Valentine alinung'unika, lakini akapima. Kazi ilichukua zaidi ya saa, na kadiri namba zilivyozidi ndivyo manung'uniko yalivyopungua. Vigingi vyote kumi na saba vilikuwa kimo kimoja, tofauti isiyozidi upana wa vidole viwili.

"Mimi na mashine hii ningechukua siku nzima kupata mstari kama huu," alisema akijifuta jasho. "Yeye alipima kwa nini?"

Ruwaida alikuwa amechutama kwenye shina la mthenge, akiparua vumbi kwa kifuniko cha kalamu. Chini yake palikuwa na matete makavu, kombe la konokono wa mtoni na kipande cha ndara, vyote vimenasa pamoja. Shina la pili lilikuwa vivyo hivyo, na la tatu.

"Kwa maji," alijibu. "Hapa ndipo mafuriko ya mwaka juzi yalipokomea. Huyu mtu aliutembea ukingo wake kwa miguu, na hajausahau."

Valentine alianza kukunja mashine yake. Wao walikuwa wamepima kiangazi, na habari ya mkondo wa maji waliichukua barazani kwa wazee, kama inavyopasa.

Mlinzi wa vigingi alikuwa Fondo, Mgiriama wa makamo, ambaye aliapa kwamba hakubanduka pale hata kwa dakika moja. Ruwaida hakubishana naye. Alimuuliza tu Ijumaa hizo tatu alikula nini. Fondo akaviangalia viatu vyake. Kumbe iko hoteli sokoni inayopika pilau Ijumaa peke yake, na ukichelewa unapewa ukoko. Alikuwa akiondoka saa sita na nusu na kurudi saa nane, wakati mji mzima uko kwenye sala. Basi mhamishaji aliijua ratiba ya tumbo la Fondo, maana yake alipita pale kila siku, na kwa Ijumaa tatu hakuonekana msikitini.

Kwa kujiosha, Fondo alimtaja Abdikarim Mohamud, mwenye duka la mabati, aliyenunua ploti upande wa mashariki mwaka jana. Ruwaida alimkuta dukani. Alikuwa Msomali wa mwili mkubwa na kicheko kikubwa zaidi, na alimmiminia mgeni wake chai ya maziwa kabla hajaulizwa lolote. Alikiri bila kusukumwa. Ndiyo, aliitaka barabara ipite kwake, na nani asiyetaka?

"Lakini wewe dada, tumia akili," alisema. "Kama ni mimi nahamisha, kigingi kitakuwa mlangoni kwangu. Sasa kiko nyuma ya choo."

Ilikuwa kweli. Mstari mpya uliikwepa ploti yake kwa upande wa uani, na Ijumaa zote tatu alikuwa safu ya mbele, imamu ni shahidi. Ruwaida alimaliza chai, akashukuru, akalikata jina lake daftarini.

Jua lilikuwa halijazama alipoketi ofisini kwa Valentine na faili zima la mpango. Alilisoma toka jalada. Ukurasa wa kwanza, chini ya sababu za mradi, palitajwa mwanamke mmoja, Gumato Diba, miaka ishirini na sita, mjamzito, aliyefariki wakati wa mafuriko akiwa njiani kwenda kiwanjani. Gari lilikwama uwandani. Ndege ilingoja mpaka jua lilipokaribia kuzama, na kwa kuwa kiwanja hakina taa, ikaruka bila yeye. Ruwaida aliweka kidole juu ya jina hilo kwa muda kabla ya kufungua ukurasa wa pili.

Mbele zaidi kulikuwa na muhtasari wa baraza. Karani alikuwa ameandika kwamba Mzee Diba, baba wa marehemu na mjuzi wa maji kuliko wote, alisema barabara ishike kichuguu cha upande linapotoka jua, maana huko maji hayafiki. Ruwaida alirudia mstari huo. Akamuuliza Valentine, kama mzee alisema mashariki, magharibi waliitoa wapi?

Valentine alishangaa kweli. Muhtasari hakuna aliyeusoma. Baada ya baraza walikwenda na mzee mpaka uwandani, akanyoosha fimbo, nao wakaifuata fimbo. Ilielekea magharibi, aliiona kwa macho yake. Wapimaji walikuwa wageni, na wenyeji waliokuwepo hawakufungua kinywa, kwani mzee akishanyoosha fimbo, nani atamwambia ageuke? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wamesema wahenga. Hapa waliosikia ndio waliokuwa wakijiandalia mvunjiko.

Ruwaida alifunga faili polepole. Kinywa kilisema mashariki, fimbo ikasema magharibi, na mwenye vyote viwili ni mtu mmoja. Hakumwambia Valentine alichofikiri, kwa sababu alitumaini amekosea.

Asubuhi ya Jumamosi alikwenda kwa Mzee Diba, nje kidogo ya mji. Ng'ombe walikuwa ndio kwanza wanatolewa zizini, na kila mmoja alikuwa na kengele shingoni, tena mpya, kila moja na mlio wake. Mzee aliketi kwenye kigoda mlangoni, Muorma mrefu mwenye kofia safi na mgongo ulionyooka. Alingoja mpaka Ruwaida aliposalimu ndipo akaugeuza uso upande wake, akamwita binti, akaamuru maziwa yaletwe. Penye ua wa miiba aliketi mwanamume wa miaka thelathini na ushei, kimya, akiitengeneza kengele moja magotini.

"Huyo Suleiman, mume wa marehemu binti yangu," mzee alisema. "Wengine mke akifa wanaenda. Huyu amebaki na mimi."

Akaisifia barabara. Aliwaeleza wapimaji vizuri, alisema, washike kichuguu ya jua kutoka, na sasa mtoto wa mtu mwingine hatakufa kwa matope. Alisema hivyo kwa fahari iliyojaa huzuni. Ng'ombe walipokuwa wakipita, mzee aliwataja: kengele nzito, huyo mweupe; kengele nyembamba, huyo wa kijivu. Hakukosea hata mmoja. Kisha akapita mtamba mmoja asiye na kengele, karibu sana, akipangusa goti la mzee kwa mkia.

"Hii nyekundu ni ya Gumato," mzee alisema akitabasamu. "Namjua hata kwa harufu."

Mtamba alikuwa mweusi mwenye baka jeupe. Muorma wa miaka sabini na zaidi hakosei rangi ya ng'ombe, kama vile mvuvi wa Kipini hakosei samaki. Penye ua, mikono ya Suleiman ilikuwa imesimama. Kengele ya mtamba ilikuwa magotini pake, na ukanda aliokuwa akiufunga ulizungushwa mara mbili, ncha ikarudishwa chini. Ruwaida hakuwa na haja ya kuutoa ule wa mfukoni.

Aliaga, akamwomba Suleiman amsindikize hadi barabarani. Walipofika mbali ambapo sauti hairudi nyumbani, Suleiman alisimama mwenyewe.

"Vigingi ni mimi, Afande. Nipeleke tu."

Ruwaida alimuuliza kwa nini, naye akasema alitaka tu. Basi Ruwaida akamweleza alichokijua: pilau la Fondo, ukingo wa maji, kinywa na fimbo, kengele za ng'ombe. Alizungumza taratibu, maana kila neno lilikuwa linamvua mwenzake nguo. Suleiman alisikiliza akitazama ardhi, na alipoanza kusema alisema kwa muda mrefu, kama mtu aliyekwisha kuchoka kunyamaza.

Siku fimbo ilipoelekea kubaya, yeye alikuwa nyuma ya mzee. Aliona. Lakini kwao mume hamkosoi baba wa mkewe mbele za watu, na kumkosoa pale kungekuwa kuwatangazia wote kwamba haoni. Mzee alikuwa bado anaitwa kuamua mambo ya malisho na visima. Akijulikana haoni, hakuna atakayemwita tena. Suleiman alidhani kigingi ndicho barabara, kikikaa hapa barabara inakaa hapa. Hakujua kuwa mashine za Injinia zilikuwa zimekwisha kukumbuka kila shimo. Kila wapimaji walipovirudisha magharibi, naye alivirudisha mashariki, na Ijumaa hizo alimwambia mzee kwamba yuko msikitini, safu za nyuma.

"Niandike mhalifu," alisema. "Usimwandike yeye kipofu. Lakini barabara isipite huko. Mimi nilimbeba Gumato kwa maji hayo, na huko yalinifika kifuani."

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na Ruwaida alihesabu kwanza. Alikuwa amekamata watu wengi waliosema uongo kujiokoa, na huyu ndiye wa kwanza aliyetaka kufungwa kwa kumstahi mtu. Akiliandika jina lake bila sababu, mstari wa magharibi ungetiwa saini Jumatatu na mvua zijazo zingeumeza. Akiiandika sababu, mzee angevuliwa heshima yake katika karatasi za serikali. Alimpenda mtu huyu kwa ukaidi wake, na papo hapo akatamani kumtikisa.

Kisha akaukumbuka muhtasari. Maneno ya mzee yalikuwa sahihi, yameandikwa, yamepigwa mhuri. Haikuwa lazima mtu yeyote ailaumu fimbo, wapimaji wakikubali kwamba hawakuyafuata maneno.

Ofisini, Valentine alimsikiliza hadi mwisho, mikono mezani. Kukiri kosa ambalo hakulifanya, siku mbili kabla ya saini, lilikuwa jambo la kumgharimu sifa, na alilijua hilo. Akauliza kama kweli vigingi vile vilipangwa na mchunga ng'ombe bila chombo chochote. Ruwaida akasema ndiyo. Valentine akaivuta ramani, akasema kwa sauti ndogo kwamba mashitaka ameyaondoa, na kwamba ataandika walikosea wao.

Alasiri hiyo wakakutana uwandani: chifu, wazee wanne wa baraza, Fondo, na Mzee Diba aliyeletwa na Suleiman, Suleiman mbele na mzee nyuma hatua mbili, kama walivyotembea siku zote. Valentine alisimama mbele ya mzee, akasema wapimaji wanaomba radhi. Mzee aliwaambia mashariki, wao kwa uzembe wao wakapima magharibi, na leo wanamwomba aubariki mstari ulio sawa.

Wazee wa baraza wakaanza kusema ni sawa, mambo yamekwisha. Mzee Diba akainua mkono.

"Siku ile nilinyoosha fimbo," alisema. "Fimbo ilienda wapi?"

Ruwaida aliutazama uso wa Suleiman na kuuona unabadilika.

"Suleiman. Nakuuliza wewe, mbele ya watu. Fimbo yangu ilienda wapi?"

"Magharibi," Suleiman alisema.

Mzee akatikisa kichwa kidogo, kama anayepokea habari aliyokuwa akiingoja. Akamwambia Valentine asante, lakini kosa lake asilichukue mtu, maana akinyang'anywa hata makosa yake atabaki na nini. Haoni, alisema. Mwaka wa pili sasa. Alipofiwa na binti yake alilia sana, akadhani ukungu ule ni machozi, kumbe ni macho yanakwenda. Akaona haya kusema. Ijumaa tatu hakuisikia sauti ya Suleiman msikitini, na sasa alijua alikuwa wapi. Barabara ipite pale Suleiman alipoiweka, na wazee waliopo wawe mashahidi.

"Sasa niambie," mzee alimgeukia mkwewe. "Gari ya Gumato ilikwama wapi? Mimi siku hiyo nilikuwa na ng'ombe mbali. Nimerudi, amezikwa. Hakuna mtu alinionyesha."

Suleiman alitazama huku na huku kama anayetafuta wa kumsaidia. Ruwaida hakumsaidia. Mwisho alisema ni hapo karibu, hatua arobaini, kwenye mstari wa fimbo.

Mzee akaidondosha fimbo. Akanyoosha mkono hewani, akaomba bega. Kwa heshima ya ukwe hawakuwa wamewahi kugusana, hata msibani, na ilimchukua Suleiman muda kuamini kwamba ni lake linaloombwa. Kisha akasogea, wakatembea pamoja, hatua arobaini, juu ya udongo mweusi uliopasuka kwa jua. Ruwaida aliwafuata kwa mbali kidogo. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakujishughulisha kuyaficha.

"Hapa," Suleiman alisema.

Mzee alichutama, akaweka kiganja chini, akakiacha hapo.

"Mama," alimwita binti yake, "nilikuwa nawaleta watu wote hapa. Nisamehe." Baadaye akauliza, bila kuinua uso, kama Gumato alisema neno.

"Alisema ndege iko karibu," Suleiman alijibu. "Alikuwa anaiona. Alisema tutafika."

"Na barabara ingekuwako?"

"Tungefika, baba."

Suleiman akaanguka kwenye magoti yake akalia kwa sauti, mara ya kwanza tangu mazishi, na mzee akapapasa mpaka akampata, akamshika asimwachie hadi alipomaliza.